Earl wa Nithsdale alikwepa shoka na mwanae alikuwa hai, sasa cheo kiliyeyukia wapi?

Mpekuzi77 ameandika:

Wakuu salama? Nina jambo linanisumbua tangu juzi na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa, naombeni mwenye uelewa anifungue macho.

Nilianza kwa kuona picha ya ngome moja ya Scotland inaitwa Caerlaverock, iko kusini kabisa karibu na Dumfries, yaani ngome ya pembe tatu! Sijawahi kuona kitu kama kile, kuta tatu na maji kaizungukia pande zote. Nikasoma kwamba ilikuwa ya ukoo wa Maxwell na wakubwa wa ukoo huo baadae wakawa na cheo cha Earl wa Nithsdale (Earl ni cheo cha kurithi cha wakubwa wa huko). Cheo walipewa mwaka 1620, akafika Earl wa tano, jamaa anaitwa William Maxwell, huyo ndo akaingia kwenye uasi wa 1715 wa kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart, akakamatwa, akahukumiwa kifo, cheo kikafutwa. Mpaka hapo niko sawa.

Sasa utata wangu ni huu. Huyu jamaa hakuuawa, alitoroka Mnara wa London usiku mmoja kabla ya kukatwa kichwa. Alikuwa na mtoto wa kiume ambae hakupigana vita yoyote. Na kumbe mtoto huyo akabaki na MASHAMBA ya familia! Hapo ndo nashindwa kuelewa, serikali inachukua cheo ambacho ni jina tu, alafu ardhi ambayo ndo mali yenyewe inamwachia mtoto? Kawaida si ingekuwa kinyume chake? Alafu kuna sehemu nimesoma miaka ya 1848 na 1858 kizazi chao "kilirudishiwa", lakini leo hakuna Earl wa Nithsdale. Kilirudishwa nini sasa?

Mwenye kujua atiririke, mimi nipo.

---

kalamu_butu:

Mbona rahisi mkuu. Walikuwa Wakatoliki. Enzi hizo Mkatoliki Uingereza na Scotland alikuwa hana haki hana nini, ndo maana cheo hakikurudi. Kesi imeisha hiyo.

---

Bi_Shubaka:

@kalamu_butu taratibu kaka, haijaisha hata robo. Ukatoliki uliwaponza kwenye mengi, huwezi kukaa bungeni, huwezi kushika ofisi, sawa, lakini cheo chenyewe Mkatoliki alikuwa anarithi kama kawaida. Huyo huyo William alirithi kwa baba yake Earl wa nne na wote walikuwa Wakatoliki. Kilichoua cheo ni hukumu ya uhaini, na hukumu ya uhaini ilikuwa haichagui dini. Wenzake wengi waliofutiwa vyeo mwaka ule ule walikuwa Waprotestanti safi, kiongozi wa uasi wenyewe Earl wa Mar hakuwa Mkatoliki.

@Mpekuzi77 ngoja nijaribu, nimeusoma sana huu ukoo kwa sababu ya yule mama (nitamfikia, subiri).

Kwanza uelewe hukumu yenyewe ilivyokuwa inafanya kazi. Scotland na Uingereza ziliungana 1707, muda mfupi baadae likapita jambo la kwamba sheria ya uhaini Scotland iwe sawa na ya Uingereza. Na sheria ya Uingereza ilikuwa na kitu wanakiita kuchafuka kwa damu. Ukihukumiwa uhaini na Bunge, sio tu unauawa, kisheria unahesabiwa damu yako imeharibika, huwezi kurithi kutoka kwa yeyote na HAKUNA anaeweza kurithi kupitia kwako. Chukulia urithi kama maji ya mfereji, yanatoka kwa babu yanapita kwa baba yanafika kwa mtoto. Hukumu inaziba mfereji pale pale kwa baba. Mtoto hana kosa, hakuna anaemshtaki, ila maji hayamfikii, maana njia ni moja tu na imezibwa. Kwa hiyo swali la kwamba mtoto alikuwa hai au baba hakuchinjwa halina uzito. Baba alikwepa shoka, hukumu hakuikwepa, ilibaki pale pale kwenye vitabu vya Bunge hata akiwa anakunywa divai Roma.

Sasa ardhi. Hapa ndo utamu ulipo. Mwaka 1712, miaka mitatu kabla ya uasi, William alishaandikisha mashamba yote kwa jina la mwanae, yeye akabakiza haki ya kuyatumia akiwa hai tu. Uasi ulipofeli serikali ikaja na wakaguzi wake wa mali za waasi, wakafungua makaratasi, wakakuta wenye mali si yule mhaini, ni mtoto. Mtoto hakuipata ardhi kwa kurithi, aliipata kwa hati baba akiwa bado raia mwema, kwa hiyo haikupita kwenye ule mfereji ulioziba. Walichoweza kukamata ni kile tu alichobakiza baba, yaani haki yake ya matumizi ya uhai wake. Na mahakama zikakubali hivyo. Siku mzee anakufa huko Roma mwaka 1744, na haki hiyo ikafa nae.

Cheo nacho hakiandikishiki. Huwezi kwenda kwa mwanasheria ukasema namwandikia mwanangu u-Earl wangu kuanzia Jumatatu, kinafuata damu kama kilivyotolewa na mfalme. Ndo jibu la kinyume chako, ardhi ilikuwa na karatasi, cheo kilikuwa na damu tu.

---

Mpekuzi77:

Duh. Bi Shubaka umenifungua kweli kweli. Kwa hiyo 1712 jamaa alikuwa kashaanza kunusa mambo?

---

Bi_Shubaka:

Sijui kichwani mwake kulikuwa na nini ila kwa familia ya Kikatoliki iliyokuwa inajulikana upande gani inaegemea, kuweka mali kwa jina la mtoto ilikuwa akili ya kawaida. Na ule ukoo walikuwa wanajua kufilisiwa ni nini, haikuwa mara yao ya kwanza. Ngoja nikupe historia ya nyuma kidogo maana inachekesha.

Babu yao mmoja, Lord Maxwell, alipewa cheo cha Earl wa Morton mwaka 1581. Alikipataje? Mwenyewe mwenye cheo, James Douglas aliekuwa ametawala Scotland kwa niaba ya mfalme mdogo James VI, alikatwa kichwa mwaka huo huo na cheo chake kikafutwa kwa uhaini. Maxwell akavalishwa koti la mtu alienyongwa, mnaelewa. Miaka michache tu mbele hukumu ya Douglas ikatenguliwa, cheo kikarudi kwa kina Douglas, Maxwell akavuliwa. Yeye akaja kuuawa 1593 kwenye mapigano ya Dryfe Sands dhidi ya maadui zao wa jadi kina Johnstone. Mwanae akalipiza kisasi, 1608 akamuua mkuu wa kina Johnstone kwenye kikao ambacho kilikuwa cha kupatana!! Akakimbilia nje, akarudi, akakamatwa, akakatwa kichwa Edinburgh 1613, na mali ya ukoo ikachukuliwa. Ndugu yake Robert ndo akaja kurudishiwa mali, alafu 1620 mfalme akampa u-Earl wa Nithsdale, na ili kufuta machozi ya Morton wakamwambia hadhi yake ihesabiwe tangu 1581.

Kwa hiyo cheo cha Nithsdale chenyewe kilizaliwa kama fidia ya cheo kilichotokana na kufutiwa mtu mwingine. Ukikaa ukaifikiria unapata kizunguzungu.

---

sina_haraka:

Hahaha "koti la mtu alienyongwa", ingawa hapo juu umesema alikatwa kichwa 😂

---

Bi_Shubaka:

Umenikamata 😂 alikatwa kichwa ndio. Ulimi umeteleza.

---

Kobe_Mzee:

Uzi mtamu huu. Ila mbona mnampita yule mama kama hamjamuona, wakati bila yeye hata hiyo hati ya 1712 sijui ingekuwa wapi. Mleta mada amesema jamaa "alitoroka" kana kwamba alipanda ukuta mwenyewe. Hakutoroka, ALITOROSHWA. Na mkewe.

Anaitwa Winifred Herbert, binti wa Marquess wa Powis, aliolewa na Earl 1699. Taarifa za mume kukamatwa Preston Novemba 1715 zilimfikia akiwa nyumbani kwao Terregles, nje kidogo ya Dumfries. Kitu cha kwanza alichofanya kabla hajapanda farasi, alichukua makaratasi yote ya familia akayafukia ardhini kwenye bustani, mahali anapajua yeye na mtunza bustani tu. Nyumba ikaja kupekuliwa baada ya yeye kuondoka, hawakuambulia kitu.

Alafu safari ya London. Ilikuwa majira ya baridi kali, theluji imefunga barabara mpaka magari ya farasi hayatembei, akafika York akaambiwa hakuna usafiri. Akapanda farasi yeye na mtumishi wake Evans, theluji wakati mwingine inafika tumboni mwa farasi, mpaka London. Alikuwa mwanamke wa afya ya kawaida tu sio askari.

Kufika London akajaribu njia halali kwanza. Akaenda jumba la mfalme St James's na ombi la msamaha mkononi, akamvizia George I anapopita kwenda sebuleni, akapiga magoti, akamueleza kwa Kifaransa yeye ni nani maana mfalme alikuwa Mjerumani na Kiingereza chake cha kubabaisha. Mfalme akaendelea kutembea. Mama akashika pindo la koti. Mfalme akaendelea kutembea! Akaburuzwa magotini chumba kizima mpaka watumishi wakambandua, na karatasi ya ombi ikaanguka chini. Hapo ndo alipojua huku hakuna msamaha, nadhani ndo siku alipoanza kuhesabu walinzi.

---

Mpekuzi77:

Endelea Kobe Mzee usituache njiani, alimtoaje?

---

Kobe_Mzee:

Sawa, nakaa vizuri.

Siku ya kunyongwa (haya, kukatwa kichwa, msije mkanikamata na mimi) ilikuwa tarehe 24 Februari 1716, siku ya Ijumaa. Tarehe 22 Bunge la Malodi likapitisha ombi kwa mfalme awahurumie wale wafungwa watakaostahili. Wengine wote wakashangilia, Winifred akaelewa kwamba mume wake hatastahili, maana masharti yalikuwa uwataje wenzio na jamaa asingefanya hivyo. Lakini hiyo habari akaigeuza mtaji. Akaenda kwa walinzi wa Mnara uso umechangamka, akawaambia nimeleta habari njema, ombi limepita, akawapa vihela wanywe kwa afya ya mfalme. Walinzi wakalegea, nani atakaza macho kwa mtu anaesamehewa kesho?

Kesho yake jioni, Alhamisi tarehe 23, akaenda na wanawake wawili waliojua mpango dakika za mwisho kabisa, wakati wa kuondoka ndo wanaambiwa, na ndani ya gari akawa anaongea mfululizo njia nzima wasipate nafasi ya kufikiri. Mmoja Bi Mills, mrefu na mnene wa mwili kwa sababu alikuwa mjamzito, kimo chake kinakaribia cha Earl. Wa pili Bi Morgan, mrefu mwembamba, huyo alivaa nguo mbili mbili, moja yake moja ya kumwachia Bi Mills.

Sheria ilikuwa anaingiza mgeni mmoja mmoja. Akaingiza Bi Morgan, akavua nguo ya ziada, akamsindikiza mpaka ngazini huku anasema kwa sauti tafadhali nitumie mtumishi wangu aje haraka anivalishe nachelewa kupeleka ombi langu. Akaingia Bi Mills akiwa kafunika uso kwa kitambaa analia, kama mtu anakwenda kumuaga ndugu. Ndani wakabadilisha, Bi Mills akavaa za Bi Morgan akatoka bila kulia, kichwa juu. Mpaka hapo chumba cha nje kimejaa wake na mabinti wa walinzi, wanapiga soga, na wanawake wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, hesabu imeshawapotea.

Sasa Earl. Nyusi zake zilikuwa nene na nyeusi, Bi Mills alikuwa na nyusi za rangi ya mchanga, kwa hiyo mama alikuja na rangi akampaka zifanane. Nywele za bandia za rangi ile ile. Ndevu ndo tatizo, zilikuwa zimekua na hakuna muda wa kunyoa, akampaka poda nyeupe uso mzima na rangi nyekundu mashavuni. Akamvalisha sketi zake mwenyewe zote akabaki na moja. Akamsubirisha mpaka giza linaanza kuingia lakini mishumaa bado haijaletwa, maana mshumaa ungeharibu kila kitu. Alafu akamshika mkono wakatoka, yeye Earl kitambaa usoni analia vile vile kama Bi Mills alivyoingia, mama anamsihi kwa sauti ya huzuni Bi fulani nakuomba kimbia kamlete Evans. Akamwambia Evans chini ya ngazi amchukue ampeleke salama.

Hapo wewe ungekimbia na mumeo si ndio? Huyu mama AKARUDI CHUMBANI. Akafunga mlango, akaanza kuongea na mume ambae hayupo, anauliza kwa sauti yake anajibu kwa sauti ya kiume, anatembea huku na huku kama watu wawili, mpaka alipoona wameshafika mbali. Akafungua mlango nusu, akasimama pale ili wa nje wasikie, akaaga kwa sauti kwamba anaenda kushughulikia jambo na atarudi usiku huo au alfajiri. Kabla hajaufunga akaivuta ile kamba ya komeo ikaingia ndani, mlango sasa hauwezi kufunguliwa kwa nje. Akipita akamwambia mtumishi wa mumewe asipeleke mishumaa mpaka aitwe, bwana wake anasali.

Akashuka ngazi akapanda gari akaenda zake.

---

sina_haraka:

Nimeshindwa kupumua aisee. "Bwana anasali" 😭 huyo mama anastahili cheo chake mwenyewe

---

Kobe_Mzee:

Na wasifikirie walifika hotelini wakalala. Walijificha kwenye kachumba kadogo ka mwanamke mmoja maskini, kako karibu kabisa na kituo cha walinzi, kitanda kimoja. Wakakaa juu ya kitanda wasikanyage sakafu ili wa chini wasisikie nyayo za watu wengi, chakula chao chupa ya divai na mkate tangu Alhamisi mpaka Jumamosi. Ijumaa asubuhi wenzake wawili, Derwentwater na Kenmure, walikatwa vichwa Tower Hill kama ilivyopangwa. Jumamosi usiku Earl akahamishiwa kwenye nyumba ya balozi wa Venice, balozi mwenyewe hajui, mtumishi wake ndo anajua. Jumatano balozi akatuma gari lake la farasi sita Dover kumpokea kaka yake, Earl akapanda nyuma kavaa sare za watumishi wa balozi, wakapita wote salama mpaka Calais.

Inasemekana mfalme alipopewa taarifa kwanza aliwaka, baadae akasema kwa mtu wa hali yake hilo ndo lilikuwa jambo bora zaidi angeweza kufanya. Ila kwa mama hakusamehe, alisema huyo mwanamke kamsumbua kuliko mwanamke yeyote.

Hayo yote tunayajua kwa sababu mwenyewe aliyaandika kwenye barua ndefu kwa dada yake Lucy, aliekuwa mtawa Bruges.

---

kalamu_butu:

Haya nakubali niliongea haraka. Ila sasa mnaniacha na swali, makaratasi aliyafukia, jamaa wako Ufaransa, hiyo hati ya 1712 mahakamani ilifikaje?

---

Bi_Shubaka:

Ahsante kalamu_butu, hilo ndo swali la maana kuliko yote kwenye huu uzi na sikutania.

Mume akishavuka salama, mama alitakiwa na yeye akimbie maana kulikuwa na amri ya kumtafuta. Badala yake akapanda farasi akarudi Scotland! Sababu aliyotoa mwenyewe ni kwamba ameshahatarisha maisha kwa ajili ya baba, sasa ni zamu ya mtoto. Akafika Terregles kwa ujasiri wa ajabu, akawaita majirani wamtembelee kama mtu aliepewa ruhusa rasmi ya kurudi, watu wakadhani ana kibali, kumbe hana hata karatasi. Usiku akafukua makaratasi, yakakutwa mazima hayajaoza, akayatuma sehemu salama. Wakubwa wa mji wa Dumfries walipoanza kutaka kuona hicho kibali, yeye kabla ya mapambazuko kashaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza nani aliokoa nini: mume aliokolewa kwa sketi na poda, na ardhi iliokolewa kwa koleo. Cheo hakuna mtu angeweza kukiokoa.

Wakaishia Roma kwenye jumba la yule Stuart waliempigania. Maisha hayakuwa mazuri, madeni, pensheni ndogo inayochelewa, Earl alikuwa mtu wa kukopa ovyo na mama analalamika kwenye barua zake. Mzee akafa 1744, mama 1749, wote huko huko.

---

Mpekuzi77:

Na 1848 na 1858 sasa? Nilisema nipo, bado nipo 😅

---

Bi_Shubaka:

Haya tumalizie.

Mtoto, nae anaitwa William, alikaa na mashamba yake Terregles, watu wakimwita Lord Maxwell kwa heshima tu, kisheria alikuwa bwana William basi. Alikufa 1776 hana mtoto wa kiume aliebaki. Mali ikaenda kwa binti yake Winifred (jina la bibi!), aliekuwa kaolewa na bwana wa ukoo wa Constable wa Everingham, Yorkshire. Wakajiita Constable-Maxwell.

Karne ya 19 upepo ukawa umebadilika. Hakuna tena Stuart wa kuogopwa. George IV alitembelea Edinburgh 1822, na 1824 Bunge likaanza kusafisha damu za waasi wa zamani, Mar na Kenmure wakarudishiwa mwaka huo, wengine wakafuata, Southesk kwa mfano mpaka 1855. Kila mmoja alihitaji sheria yake ya Bunge, maana kilichofungwa na Bunge kinafunguliwa na Bunge. Zamu ya kina Nithsdale ikawa 1848, sheria ikasema wazao wote wa yule Earl wa tano damu yao imesafishwa.

Kwa hiyo cheo kikarudi? Hapana! Kusafisha damu ni kuzibua mfereji tu. Kama huko juu kuna tundu lingine maji hayatafika. U-Earl wa Nithsdale ulitolewa kwa warithi wa kiume kwa upande wa kiume, na huyo aliekuwa anadai mwaka 1848, William Constable-Maxwell, damu ya Maxwell aliipata kupitia kwa mwanamke, yule Winifred mdogo. Mfereji umezibuliwa lakini yeye yuko bomba lingine.

ILA, na hii ndo nzuri, Earl wa tano alikuwa na cheo cha pili mfukoni, cha zamani zaidi, Lord Herries wa Terregles, cha mwishoni mwa karne ya 15. Hicho kiliingia kwenye ukoo wa Maxwell miaka ya 1500 kwa sababu Maxwell mmoja alimuoa Agnes Herries, mrithi wa kike. Kikaunganishwa na Nithsdale 1667, pale Earl wa pili alipokufa bila mtoto na binamu yake Lord Herries akawa Earl wa tatu. Na cheo kilichoingia kwa mwanamke kinaweza kutoka kwa mwanamke. Constable-Maxwell akapeleka madai yake, 1858 Bunge la Malodi likaamua kwamba ndie Lord Herries halali. Basi ndo hicho "kilichorudishwa" ulichosoma.

Kimeendelea hivyo hivyo kupita kwa wanawake. Mrithi wake mmoja wa kike, Gwendolen, aliolewa na Duke wa Norfolk mwaka 1904, mtoto wao akaja kushika vyote viwili, Duke na Lord Herries. Alipokufa 1975 akiwa na mabinti wanne tu, u-Duke ukahamia kwa binamu wa kiume, na Herries kikaenda kwa binti mkubwa. Vyeo viwili kwenye kichwa kimoja, siku ya msiba kila kimoja kikashika njia yake.

---

Kobe_Mzee:

Hapo niongeze kidogo kwa Mpekuzi ili usichanganye kama mimi zamani. Kuna kufutwa, kuna kuisha, na kuna kulala. Nithsdale kilifutwa. Kenmure kilifutwa 1716, kikarudishwa 1824, alafu 1847 mwenye cheo akafa na hakuna aliethibitisha kuwa mrithi, kwa hiyo kinahesabiwa kimelala. Miaka mia na ushee ya kukidai, kikatumika miaka 23.

Na ukitaka kichwa kikuume kabisa soma ya Mar. Kilirudishwa 1824 vizuri, 1866 Earl akafa bila mtoto, wakaanza kugombana mpwa wake kwa upande wa dada na binamu wa upande wa kiume. 1875 Malodi wakampa wa kiume, wakisema kiliundwa upya 1565 kwa wanaume tu. Yule mpwa akakataa kata kata, 1885 Bunge likatunga sheria ya kusema basi kuna vyeo VIWILI, cha zamani ni cha mpwa, cha 1565 ni cha binamu. Mpaka leo kuna vyeo viwili vya Earl wa Mar.

---

sina_haraka:

Wawili?? Kina Nithsdale hata mmoja hawakupata wakati Mar alieanzisha fujo zote wanao wawili. Haki iko wapi

---

Mpekuzi77:

Nimeelewa sasa, nawashukuru sana Bi Shubaka na Kobe Mzee, mmenisomesha bure. Swali dogo la mwisho, yule mtunza bustani alieyajua makaratasi yalikofukiwa, jina lake lipo popote?

---

Kobe_Mzee:

Kwenye barua ya mama kaandikwa mtunza bustani basi. Nyumba ilipekuliwa, yeye yupo pale pale, miezi ile yote, na hakusema.